Herufi Mbili Mlangoni: Kama Hakuna Anayeona, Kuna Ubaya Gani?



Leo tutafakari swali ambalo kila mmoja wetu amewahi kukutana nalo kwa namna yake: kama hakuna atakayeona, na kitu chenyewe ni kidogo, kuna ubaya gani? Tungeweza kulijadili kupitia mtihani wa darasani au chenji ya dukani. Lakini mifano hiyo tumeisikia mpaka masikio yamezoea. Kwa hiyo leo twende mahali ambapo pengine hukutarajia: kwenye mashindano ya magari ya watu wa kawaida huko Marekani. Nivumilie kidogo, utaona kwa nini nimekupeleka huko.

Mchezo wenyewe

Unaitwa otokrosi. Kenya nako kuna otokrosi, ila ile ni ya kwenye vumbi na ina taratibu zake. Hii ya Marekani huchezwa kwenye lami, katika maegesho makubwa au uwanja wa ndege wa zamani. Wanapanga koni, wanatengeneza njia yenye kona nyingi, halafu magari yanapita moja moja dhidi ya saa. Mzunguko mmoja mara nyingi hauzidi dakika moja. Ukiangusha koni, au ukiisukuma nje ya alama yake, unaongezewa sekunde 2. Na muda hupimwa hadi sehemu ya elfu ya sekunde.

Uzuri wake ni kwamba huhitaji gari la mbio. Unakuja na lilelile unaloendea kazini, pamoja na leseni na helmeti. Ukimaliza zamu yako ya kuendesha, unavaa kizibao, unaingia uwanjani kuinua koni na kuhesabu makosa ya wenzako. Washindi wengi hawapati pesa. Wanapata kikombe kidogo, wanapigiwa makofi, wanarudi nyumbani.

Chama kikubwa kinachosimamia mchezo huu ni Sports Car Club of America, SCCA kwa kifupi, kilichoanzishwa mwaka 1944. Kila Septemba mashindano yake ya taifa hukusanya madereva zaidi ya 1,000 huko Lincoln, Nebraska. Sasa fikiria: mtu ana Mazda Miata ya zamani, mwingine ana Corvette mpya, wa tatu amebadilisha nusu ya gari lake. Utawashindanishaje kwa haki? Ndiyo maana kuna madaraja. Kila gari lina daraja lake kulingana na aina yake na mabadiliko yaliyofanywa juu yake. Na daraja hilo huandikwa kwa herufi chache, mara nyingi mbili au tatu, mlangoni mwa gari, pembeni ya namba.

Zikumbuke hizo herufi za mlangoni. Mjadala wetu wote wa leo umekaa hapo.

Kisichotajwa hakiruhusiwi

Sheria za nchi mara nyingi hutuacha huru: kisichokatazwa, fanya. Kitabu cha kanuni za otokrosi kinafanya kinyume. Katika kundi liitwalo Street, ambalo ni la magari yaliyo karibu kabisa na yalivyotoka kiwandani, gari linatakiwa liwe kama mtengenezaji alivyolitoa, isipokuwa yale machache yaliyoruhusiwa kwa maandishi. Kama hakikuandikwa kwamba unaweza, basi huwezi.

Yaliyoruhusiwa ni kama haya. Unaweza kubadilisha shokapu, kwa masharti. Unaweza kuweka breki padi nyingine na chujio lingine la hewa. Matairi unachagua, ila yawe na kiwango cha uimara kisichopungua 200. Rimu ziwe na upana uleule wa kiwandani. Springi? Acha za kiwandani. Programu ya kompyuta ya injini? Usiiguse. Ukitaka hayo, hamia kundi la Street Touring, ambako springi na programu vimeruhusiwa. Ukitaka kuvuruga gari zaidi ya hapo, yapo makundi ya juu yake, mpaka unafika kwenye magari ambayo hayafanani tena na kitu chochote cha barabarani.

Angalia jinsi mipaka inavyoweza kuchekesha. Katika Street unaweza kuacha nyumbani tairi la spea na jeki, gari likapungua kilo kadhaa. Lakini ukitoa mtambo wa kiyoyozi, nao ukapunguza kilo kadhaa, umetoka nje ya daraja. Kilo ni kilo, sivyo? Au chukua alaimenti. Unaruhusiwa kulegeza boliti za kusimamisha gurudumu, ukasukuma mpaka nafasi ndogo iliyoachwa na kiwanda iishe, halafu ukakaza. Lakini ukichukua tupa ukakwangua tundu la boliti kwa milimita 2, umevunja kanuni, isipokuwa mtengenezaji mwenyewe ameidhinisha njia hiyo kwa aina hiyo ya gari. Gurudumu linaweza kuinama sawasawa katika hali zote mbili. Moja ni halali, nyingine si halali.

Na sasa fika kwenye jambo lenyewe. Katika mashindano ya kawaida ya mwisho wa wiki, ukaguzi wa asubuhi ni wa usalama. Wanaangalia kama nati za magurudumu zimekazwa, betri imefungwa, hakuna kitu kinachozungukazunguka ndani ya gari, helmeti inafaa. Hakuna anayefungua injini yako. Hakuna anayechungulia tundu la boliti. Daraja unalitaja wewe mwenyewe unapojiandikisha, na herufi unazibandika wewe mwenyewe.

Kwa maneno mengine, mchezo mzima unasimama juu ya neno lako.

"Lakini hainipi faida yoyote!"

Huu ndio utetezi wa kwanza, na ndio unaopendwa zaidi. Nimebadilisha springi kwa sababu za zamani zilichoka. Nimekwangua tundu kidogo tu. Hata sehemu ya kumi ya sekunde sipati.

Hebu tuuchukulie kwa uzito, maana wakati mwingine ni kweli. Kuna mabadiliko ambayo hayaongezi kasi hata chembe. Basi kosa liko wapi?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatusaidia hapa. Katika Summa Theologiae anaieleza sheria kama mpango wa akili, uliowekwa kwa manufaa ya wote na yule aliyepewa jukumu la kuitunza jumuiya, na ukatangazwa. Tazama pale kwenye manufaa ya wote. Kanuni ya springi haikuwekwa kwa sababu springi ni dhambi. Iliwekwa ili kijana mwenye pesa kidogo aweze kuingia mchezoni bila kulazimika kununua kila kitu ambacho mwenzake amenunua. Kanuni ni ukuta unaomkinga mnyonge asimezwe na mwenye mfuko mnene.

Sasa kila mtu akijipa ruhusa ya kupima mwenyewe kama badiliko lake lina faida au la, nini kitatokea? Kila mtu atajikuta hana hatia. Mimi ndiye mshtakiwa, mimi ndiye wakili, mimi ndiye hakimu. Kesi ya namna hiyo haijawahi kushindwa duniani. Halafu kile kidogo cha leo kinaungana na kidogo cha kesho. Wahenga walishasema, haba na haba hujaza kibaba. Mchezo unaopima sehemu ya elfu ya sekunde hauna kitu kinachoitwa kidogo.

Tena jiulize kwa unyofu: kama kweli hakina faida, mbona unakishikilia? Rudisha springi za kiwandani. Au badili herufi mlangoni.

Uongo uko wapi hasa?

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu wengi tunapakosea. Hakuna mtu aliyekukataza kubadilisha gari lako. Ni lako. Kitabu cha kanuni hakisemi "usibadilishe". Kinasema "ukibadilisha, sema". Kila badiliko lina mahali pake halali. Mwenye springi mpya ana daraja. Mwenye injini iliyotiwa tabo ana daraja. Kosa haliko kwenye chuma. Kosa liko kwenye zile herufi mbili za mlangoni, ambazo zinawaambia watu wote uwanjani, "gari hili ni la namna hii," wakati si la namna hiyo.

Ndiyo maana jambo hili linaingia kwenye amri ya nane, hata kama hujafungua mdomo. Stika pia inasema. Na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, Mungu anawakataza watu wake kubeba mfukoni mawe mawili ya mizani, moja zito na jingine jepesi. Jiwe lenyewe halina kosa. Shida ni kwamba limeandikwa kilo moja na si kilo moja. Yeyote aliyewahi kununua gunia la lumbesa, au kupimiwa sukari kwa mizani iliyochezewa, anaelewa bila kufafanuliwa.

Na nani anaibiwa? Si kikombe peke yake. Tuseme kuna msichana mgeni katika daraja lako. Ameweka akiba miezi minne, amenunua matairi yanayoruhusiwa, amefanya mazoezi kila alipopata nafasi. Anamaliza wa pili, nyuma yako kwa sehemu ndogo ya sekunde. Anarudi nyumbani akijiuliza nimekosea kona gani? Anajilaumu breki, anajilaumu macho yake, labda anaamua kwamba hana kipaji, anauza matairi na kuacha. Kumbe hakukosea kona yoyote. Umemwibia ukweli kuhusu yeye mwenyewe. Kikombe unaweza kumrudishia, ila ile jioni aliyoketi akijidharau huwezi.

Na wewe umejiibia hivyohivyo. Ulikuja uwanjani kujua kama unaweza kuendesha. Sasa una kikombe kabatini na bado hujui.

"Maandishi yananiruhusu"

Utetezi wa pili ni wa wajanja. Hawa hawavunji kanuni. Wanaisoma mpaka inalia. Na hapa tuwe waangalifu, tusiwahukumu wote kwa pamoja.

Chukua yale matairi ya 200. Namba hiyo ilikusudiwa kumwambia mnunuzi jinsi tairi linavyodumu, na kampuni zenyewe ndizo zinazopima na kutangaza namba za matairi yao. Matokeo yake, yapo matairi yaliyoandikwa 200 ambayo kwa kushika lami yanakaribia matairi ya mbio, na yanaisha haraka. Mshindani anayeyanunua hajadanganya mtu. Yanauzwa hadharani, kila mtu anayaona, mpinzani wake anaweza kununua yaleyale. Unaweza kulalamika kwamba roho ya kanuni imeumia, lakini huyo dereva hajaficha kitu.

Tofauti kabisa na huyo ni yule anayebadilisha programu ya injini katika gari la Street, kwa sababu programu haionekani kwa macho. Boneti ukiifungua, kila kitu kiko kama kiwandani.

Kwa hiyo napendekeza kipimo kimoja rahisi: je, unaweza kufungua boneti mbele ya mpinzani wako mkubwa, ukamwonyesha kila ulichofanya, ukamsomea kifungu kinachokuruhusu? Kama unaweza, endelea, hata kama atakunja uso. Huo ni werevu, na werevu si dhambi. Kama moyo unakataa, basi unajua tayari kile ambacho mkaguzi hajakijua.

Wapo watakaosema: mbona Tomaso huyohuyo anafundisha fadhila iitwayo epikeia, ya kuacha herufi za sheria ili kutimiza lengo lake? Ni kweli. Lakini soma vizuri. Epikeia ni kwa pale ambapo kufuata herufi kungeleta madhara yanayopingana na lengo la sheria yenyewe. Haikuwekwa ili nijipunguzie sekunde kwa gharama ya jirani. Ukiona epikeia yako kila mara inakupa kikombe wewe, ujue hiyo siyo epikeia.

Na kanuni ikiwa mbaya kweli? Zipo mbaya, zimetungwa na binadamu. SCCA ina njia: mwanachama anaandika barua kwa bodi ya mchezo, mapendekezo yanachapishwa, wenzake wanatoa maoni, na kanuni hubadilika. Ni njia ya polepole na inachosha, bwana. Lakini ndiyo tofauti ya mtu anayeirekebisha nyumba na mtu anayetoboa ukuta usiku.

"Sikujua"

Utetezi wa tatu unastahili huruma zaidi. Umenunua gari lililotumika. Mwenye gari wa kwanza alibadilisha stabilaiza, akachezea programu, hakusema. Unashindana miezi sita kabla ya kugundua. Je, ulidanganya?

Hapana, maana kudanganya kunahitaji kujua. Lakini Katekisimu, namba 1791, inatukumbusha kwamba kutojua kwenyewe kunaweza kuwa na lawama, pale mtu anapokuwa hakujishughulisha kutafuta ukweli. Wewe ndiye uliyebandika herufi mlangoni. Kwa hiyo kabla ya kubandika, ingia chini ya gari, linganisha sehemu na kitabu cha ufundi, uliza wazoefu. Ukigundua kitu, kirekebishe au hama daraja siku hiyohiyo, na waambie wenzako uliowashinda. Hakuna aibu. Aibu huanza siku ya pili, ile baada ya kujua.

Tena kuna mabadiliko ambayo hata hayahusu daraja peke yake. Kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi, ambacho mafundi wengi hukiita masega, kukiondoa kwenye gari la barabarani ni kosa kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, kwa sababu moshi ule unavutwa na watu ambao hawajui hata kama kuna mashindano. Dhamiri haiishii kwenye mstari wa kumalizia.

Na gari la mwenzangu?

Hili ndilo gumu kuliko yote. Umeona kitu chini ya gari la rafiki yako. Ufanye nini?

Kwenye mashindano makubwa kuna pingamizi rasmi. Unaandika, unalipa ada, na kama gari linahitaji kufunguliwa unaweka dhamana ya gharama. Likikutwa halali, gharama ni zako. Likikutwa si halali, ni zake. Naona busara hapo: kumtuhumu mtu kunakugharimu, kwa hiyo hutatuhumu kwa wivu wala kwa uvumi.

Lakini Bwana wetu alitupa hatua inayotangulia. Katika Mathayo 18 anatufundisha kumwendea ndugu faraghani kwanza, wewe na yeye tu. Mwambie, "Kaka, hii stabilaiza nadhani si ya daraja hili, hebu tuangalie pamoja." Mara nyingi utakuta hakujua. Wakati mwingine utakuta wewe ndiye uliyesoma kitabu vibaya! Akikaidi, njia rasmi ipo, na kuitumia si usaliti. Unamtetea yule msichana aliyemaliza wa pili. Kinachokatazwa ni ile njia ya katikati tunayoipenda sana: kumnong'ona nyuma ya mgongo msimu mzima huku ukimsalimia kwa tabasamu.

Na chunguza nia yako. Kuna mtu anayependa haki, na kuna mtu anayependa kuona wengine wakikamatwa. Kwa nje wanafanana.

Kwa nini tujisumbue na kikombe cha plastiki?

Utasema, jamani, huu ni mchezo tu. Watu wanakufa njaa, wewe unahangaika na tundu la boliti!

Nakubali ni mchezo. Ndiyo maana ni shule nzuri. Yesu alifundisha kwamba uaminifu wa mtu huonekana kwanza katika yaliyo madogo, na aliye mwongo humo atakuwa mwongo hata katika makubwa. Siku utakapopewa sahihi ya kuidhinisha malipo ya ofisi, au ripoti ya ukaguzi wa jengo, hutapata muda wa kujifunza upya jinsi ya kusema ukweli mahali pasipo na mkaguzi. Utafanya kile ambacho mkono umezoea. Heri mkono uzoezwe leo, ambapo kinachopotea ni kikombe. Samaki mkunje angali mbichi.

Wewe pengine huna gari. Lakini una herufi mlangoni. Una kile ulichoandika kwenye wasifu wa kazi, jina ulilosaini chini ya insha, picha uliyochuja mtandaoni, cheo cha "kiongozi wa vijana" parokiani. Kila moja inawaambia watu, "hiki ni cha namna hii." Swali ni lilelile: ndani kukoje?

Maswali ya kutafakari wiki hii:

1. Ni mahali gani katika maisha yangu ambapo hakuna ukaguzi, ila neno langu tu?

2. Ni "kadogo" gani ninakokatetea kwa kusema hakana faida, na bado sikaachi?

3. Nani anamaliza wa pili kwa sababu yangu, akidhani kosa ni lake?

4. Je, nitabadilisha chuma, au nitabadilisha herufi? Kati ya hayo mawili, lipi naweza kulifanya kabla ya Jumapili?

Mtakatifu Yosefu, fundi mwaminifu uliyefanya kazi mahali ambapo wengi hawakuona, utuombee.